Jengo Lililojifungua Mara Kumi na Nne

Neno "punga" lina kazi tatu zinazofahamika na watu wengi. Mtu hupunga mkono anapomwita au kumuaga mwenzake; hupunga upepo anapotoka nje kupumzika; na mganga hupunga pepo, yaani humtoa mgonjwa mashetani. Elius Mtewele, mhudumu wa ofisi moja ya serikali pale Njombe mjini, alipata jina la Mzee Punga kwa sababu ya kazi ya kwanza, likaenea kwa sababu ya kazi ya tatu, na nusura ahamie nalo Makambako kwa sababu ya kazi ya pili. Nitaeleza kwa utaratibu.

Korido ya jengo jipya la ofisi hiyo haina dirisha. Taa zake hazina swichi. Huwashwa na vijicho vidogo vya plastiki vilivyobandikwa darini, ambavyo vikiona mtu anatembea huwasha, na visipoona kitu kwa dakika tatu huzima. Aliyevibandika hakumfikiria mtu mfupi anayepiga deki akiwa ameinama. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji, Elius alianza kudeki mwanzo wa korido, na kabla hajafika katikati giza lilimfunika. Alisimama wima, akainua mikono yote miwili pamoja na fagio la deki, akapunga kulia na kushoto mpaka taa zikarudi. Kisha akainama tena.

Siku moja mama mmoja kutoka Mlangali, aliyekuja kufuatilia jalada la marehemu mumewe, alifika kabla ya saa za kazi akachungulia mlangoni. Aliona giza, ndani ya giza akaona mzee ameinua mti mrefu wenye manyoya, anaupunga kimya kimya, halafu mwanga ukamwagika ghafla. Hakuingia. Alikwenda kwenye kibanda cha chai jirani na stendi, akasimulia kwamba serikali imejenga ofisi yenye mashetani na imeajiri mzee wa kuyapunga. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa sokoni, na Jumapili iliyofuata ilikuwa usharikani, ambako Elius ni mzee wa kanisa.

"Mzee Elius," mchungaji alimwuliza nje ya kanisa, akijizuia kucheka, "nasikia siku hizi unapunga."

"Napunga, mchungaji," Elius alijibu kwa unyenyekevu. "Lakini ni taa tu."

Jibu hilo halikusaidia kitu. Kuanzia siku hiyo hata waliomheshimu walimwita Mzee Punga, na yeye mwenyewe baada ya wiki mbili akawa anaitika.

Wakati huo alikuwa amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika jengo la zamani, lenye kuta nene za matofali na milango ambayo kila mmoja ulikuwa na tabia yake. Mmoja ulitaka kusukumwa kwa goti, mwingine ulitaka kuinuliwa kwanza. Yote aliijua. Lakini ujuzi wake mkubwa, ambao wafanyakazi waliusifu mpaka mbele ya wageni, ulikuwa ni jiko la mkaa. Atokaye nchi ya joto huenda asielewe kwamba Njombe katika mwezi wa sita na wa saba vidole vya karani hukataa kushika kalamu. Elius alifika mapema, akapanga majiko kwenye baraza ya nyuma, akayawasha, akasubiri. Hakuwa na haraka. Alisubiri mpaka weusi wote umekwisha, moshi umekwisha, makaa yamekuwa mekundu na kuvaa vumbi jeupe la majivu. Ndipo alipoyaingiza ofisini, moja moja, akifunga mlango taratibu nyuma yake ili joto lisitoke.

"Jiko la Mzee Elius halimtoi mtu machozi," walisema.

Kisha likajengwa jengo jipya. Siku ya kulipokea alikuja mhandisi kutoka Dodoma, aitwaye Ronald, mtu mwenye adabu na sauti ya upole, akawakusanya wafanyakazi wote ukumbini.

"Serikali inataka majengo yake yatumie umeme kidogo," alieleza. "Hili ni la mfano kwa mkoa huu. Linajua watu wako wapi. Linajua hewa ikoje. Ndani kukiwa na hewa nzito, linafungua madirisha ya juu lenyewe. Hewa ikitakata, linayafunga lenyewe. Ndiyo maana tunaliita jengo janja."

Elius alinyoosha mkono. "Samahani, mhandisi. Huku kwetu mtu mjanja ni yule anayekuuzia gunia la viazi, juu vikubwa, chini vidogo. Sasa hili jengo linamfanyia ujanja nani?"

Ukumbi ulicheka. Ronald naye akacheka, lakini akatafuta jibu kwa dhati.

"Si ujanja wa hivyo, mzee wangu. Ni kama vile simu janja."

"Simu yangu ni kitochi," alisema Elius, akakaa.

Alipewa kijitabu cha mwongozo, kurasa arobaini na sita, kwa Kiingereza. Kwa kuwa ni jirani yangu, tulikaa jioni tatu tukakisoma pamoja, na nakiri kwamba hatukufika mbali. Sura ndefu kuliko zote ilihusu namna ya kuwapunguzia watu joto bila kutumia umeme mwingi. Tuliitafuta sura ya baridi hatukuiona. Elius aliuliza kama kuna kurasa zilizochanika. Tulizihesabu, hazikuwa zimechanika.

Mwezi wa sita ukaingia. Usiku mmoja umande uliganda mashambani, na kulipopambazuka majani ya viazi yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Asubuhi hiyo Eveline, karani wa masjala, alifika ofisini amevaa sweta mbili na khanga juu ya zote mbili.

"Kamwene, baba," alimsalimu Elius kwa Kibena, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha malalamiko. "Tunakufa huku. Jiko liko wapi?"

"Mhandisi hakusema lolote kuhusu jiko."

"Alisema lisiwepo?"

"Hakulitaja kabisa."

"Basi kama hakulitaja hakulikataza. Lilete, baba, nakuomba."

Elius akafanya kama alivyofanya kwa miaka kumi na tisa. Akawasha nje, akasubiri, akaingiza makaa mekundu yasiyo na chembe ya moshi, akafunga mlango. Eveline akanyoosha mikono juu ya jiko na kufumba macho kwa raha. Dakika kumi hazikutimia. Juu ya kabati la majalada kukasikika mlio mwembamba, ziiii, na madirisha mawili ya juu yakafunguka yenyewe, polepole. Ukungu ukaingia kama mgeni aliyealikwa.

"Nani kafungua?" Eveline aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Funga basi!"

Elius alipanda juu ya kiti. Madirisha yale hayakuwa na komeo wala mpini. Palikuwa na chuma tupu na waya. Akashuka, akafikiri, akaleta jiko la pili ili kufidia joto lililotoka. Madirisha yakafunguka zaidi. Katika ofisi ya jirani mambo yalikuwa hivyo hivyo, na katika ile ya tatu vilevile. Kadiri alivyoongeza moto ndivyo baridi ilivyozidi, jambo ambalo hakuwahi kulikuta popote tangu azaliwe.

"Hili jengo lina kijicho," alisema Eveline. "Likiona tumeota moto linaumia roho."

"Mzee Punga!" mwingine aliita kutoka mlango wa pili. "Acha taa, njoo ulipunge dirisha hili!"

Mambo yakaendelea hivyo kwa wiki tatu. Majiko yaliingia, madirisha yakafunguka. Majiko yakapoa, madirisha yakajifunga. Elius, ambaye alitakiwa kuandika kwenye daftari kila jambo lililotokea na kulituma Dodoma mwisho wa wiki, aliandika kwa uaminifu. Siku ya Ijumaa simu yake ya kitochi ikalia.

"Shikamoo, mzee. Ronald hapa, Dodoma. Nimesoma taarifa yako. Umeandika hivi, nakusomea: 'Jumanne jengo limejifungua mara kumi na nne.' Tumeisoma hapa watu wanne. Limejifungua nini?"

"Marahaba, mhandisi. Madirisha."

Ronald akawarudia wenzake neno hilo.

"Ahaa. Jengo limefungua madirisha."

"Lenyewe. Mimi sikuligusa. Ndiyo maana nikaandika limejifungua."

Kwa mbali Elius alisikia watu wakicheka nyuma ya Ronald, naye hakujua wanacheka nini.

"Sasa, mzee, mbona mara nyingi namna hiyo?" Ronald aliendelea. "Huku kwenye mashine hewa yenu inasomeka chafu kama ya kiwandani. Kuna kitu kinaungua humo ndani?"

Elius alilitafakari swali kwa makini, maana hapendi kusema uongo. Ugali huungua. Nguo huungua pasi ikisahauliwa. Lakini mkaa wake, uliotunzwa vile, hauungui, unawaka.

"Hapana," alisema. "Kilichoungua ni viazi vya mke wangu, lakini hivyo viko shambani, na vimeungua kwa baridi."

"Na moshi je?"

"Moshi?" Sauti ya Elius ilipanda kidogo. "Mhandisi, miaka kumi na tisa sijaingiza moshi katika ofisi ya serikali."

"Basi," alisema Ronald baada ya kufikiri, "vijicho vya hewa ndivyo vibovu. Tutakuja kukagua baada ya wiki mbili, mimi na mkubwa wangu. Na nikuambie ukweli, mzee, kwa kuwa jambo lenyewe linakuhusu. Ikithibitika madirisha ni mabovu, tutayatia komeo za kawaida, nawe utabaki hapo kuyafungua na kuyafunga. Ikithibitika ni mazima, maana yake jengo linajitosha. Nafasi ya mhudumu itafutwa."

Hilo Elius alilielewa. Jengo likiwa bovu, yeye mzima. Jengo likiwa zima, yeye hana kazi ndani yake.

Afisa utumishi, Bwana Ambrose, alimwita siku mbili baadaye. "Mzee, jiandae kwa lolote. Nafasi ikifutwa, iliyobaki ni moja tu, ghala letu la Makambako. Kesho gari linakwenda huko. Panda ukalione."

"Makambako kuna upepo mkali, bwana mkubwa."

"Si unaitwa Mzee Punga?" alisema Ambrose, na waliokuwa karibu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. "Utakwenda kupunga upepo!"

Elius alicheka nao kwa adabu. Nyumbani mkewe, Esnath, hakucheka. Alikuwa na shamba, kuku, na mama mkwe wa miaka themanini na mitano ambaye hanywi uji usiopikwa na mkono wake. "Mimi nimehama mara moja," alisema, "siku uliyonioa. Ukienda Makambako, baba Jastin, utakwenda na begi lako." Hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayetaja siku ya mnada. Elius akajua kwamba miezi yake ya mwisho ya kazi, na mama yake akiwa katika umri ule, angeimaliza peke yake katika chumba cha kupanga.

Ghala la Makambako limo katikati ya yadi za mbao, mahali ambapo malori yaendayo Zambia na yaendayo Songea hupishana kwa honi. Siku ile upepo ulikuwa unayavuta mabati kama unaotaka kuyahesabu. Mlinzi wa ghala alikuwa mzee aitwaye Halfan, mtu wa Singida aliyekuja mjini hapo zamani akiwa utingo wa lori na kubaki. Elius alimkuta ndani ya kibanda chake, amekaa mbele ya jiko lenye makaa mekundu, anachemsha kahawa ya tangawizi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, umeegeshwa kwa jiwe, na upepo ulikuwa unaingia wote.

"Karibu, mzee mwenzangu! Ndiwe unayekuja kuniondolea upweke?"

"Bado haijajulikana," alisema Elius, akikaa na kujikunyata. "Lakini kwa nini umeacha mlango wazi? Funga, tuote moto."

"Nikifunga, kesho utarudi kunizika."

"Kwa jiko hili? Mbona halina hata moshi. Umelikomaza vizuri sana."

"Ndilo hilo hilo," alisema Halfan, akimmiminia kahawa. "Moshi ni mstaarabu, mzee. Unapiga hodi. Unakuwasha macho, unakukohoza, unatoka zako nje. Mkaa ulioiva hauna hodi. Unaingia kimya, kichwa kinagonga, halafu unakuja usingizi mtamu. Miaka ile dereva mmoja na utingo wake walilala na jiko ndani ya kebini, hapo unapoona gogo lile, vioo wamepandisha juu. Asubuhi tulivunja kioo. Aliyeamka ni mmoja."

Elius alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. "Kichwa kinagonga namna gani?"

"Kama nyundo. Hapa, juu ya macho."

Njia nzima ya kurudi Njombe alitazama barabara tu, na dereva alidhani anauhuzunikia upepo. Ukweli ni kwamba alikuwa anamfikiria Eveline. Kila mwaka, kwa muda wote ambao Elius alimfahamu, Eveline aliumwa kichwa katika miezi ya baridi. Ofisi nzima ilikiita kichwa cha Juni na kumshauri avae kofia. Alimfikiria pia Nikodemo, karani wa zamani, ambaye asubuhi moja ya mwezi wa saba aliteleza kutoka kitini, wakambeba nje, akazinduka barazani, wakasema ni presha. Na mwaka huu, katika jengo hili lenye kijicho, Eveline alikuwa amelalamikia miguu, mgongo na serikali. Kichwa hakukitaja hata mara moja.

"Sasa sielewi, mama Jastin," alimwambia mkewe walipokaa jikoni kwao, mlango ukiwa wazi kwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba. "Jengo lilikuwa linatufukuza au linatuokoa?"

"Wewe ulikuwa unawapa moto au unawapa sumu?"

"Nilikuwa nawapa moto."

"Basi na jengo ndiyo hivyo hivyo."

Elius aligeuza jibu hilo upande huu na upande ule. "Nikisema," alianza tena, "jengo litaonekana zima. Likionekana zima, mimi Makambako. Nisiposema, watatia komeo, nami nitakuwa nafungua mwenyewe kila jiko linapoingia. Hakuna atakayedhurika."

"Utafungua," Esnath alikubali. "Na Eveline akikuambia, baba, funga, tunakufa na baridi?"

Elius alipekua miaka yote kumi na tisa. "Sijawahi kumkatalia," alisema.

Siku ya ukaguzi Ronald alikuja na mkubwa wake, Mhandisi Yasmini, mama wa makamo mwenye miwani na koti ambalo hakulivua. Wafanyakazi wote walikaa ukumbini, na kwa kuwa ni desturi ya ofisi ile kuanza mkutano kwa sala, Bwana Ambrose alimwomba Elius aongoze, kila mtu akiomba kwa imani yake. Elius akaomba. Aliombea serikali, aliombea wageni, aliombea viazi. Ilikuwa sala ndefu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu aliogopa mkutano uanze. Watu wakatulia, macho wameyafumba. Dakika tatu zikatimia, taa za ukumbi, ambazo nazo ni za vijicho, zikazima. Elius hakukatisha sala. Wafanyakazi wote, bila kufumbua macho, wakainua kila mmoja mkono wa kulia na kuupunga juu ya kichwa. Taa zikarudi, mikono ikashuka, naye akaendelea mpaka Amina.

"Huo," Mhandisi Yasmini alinong'ona, "ni utaratibu wa dhehebu gani?"

"Wa jengo, mheshimiwa," alijibu Eveline.

Ronald akasimama kutoa maelezo. Alionyesha michoro, akaeleza kwamba umeme uliotumika ni kidogo kuliko matarajio, lakini vijicho vya hewa vinasoma uchafu usiokuwepo, na kwamba mhudumu amethibitisha kuwa hakuna kinachoungua wala moshi wowote. Kwa hiyo alipendekeza madirisha ya juu yatiwe komeo, yafungwe kwa mkono. Wafanyakazi wakapiga makofi. Elius alisikia makofi yale, akajua kwamba akikaa kimya kwa dakika tano tu atastaafu akiwa Njombe.

Akasimama. "Naomba ruhusa nitoke, nirudi."

Alirudi amebeba jiko alilokuwa ameliwasha nje tangu asubuhi kama kawaida. Makaa yalikuwa mekundu sawasawa, yamevaa majivu meupe, na hayakuwa na moshi hata wa kuwashia sigara. Akaliweka chini ya kijicho cha hewa, akafunga mlango, akakaa. Mhandisi Yasmini alilitazama jiko, akamtazama Ronald. Ikapita dakika ya tano, ya sita, ya saba. Ziiii.

"Niliulizwa kama kuna kinachoungua," Elius alisema, "nikasema hakuna. Sikudanganya. Hiki kinawaka. Niliulizwa moshi, nikasema hakuna, na hata sasa mnaona hakuna. Lakini nimeambiwa Makambako na mtu aliyeona, kwamba mkaa usio na moshi ndio unaolaza watu wasiamke. Dirisha hili si bovu. Naomba msilifunge."

"Majiko mangapi kwa siku?" Mhandisi Yasmini aliuliza.

"Sita. Siku ya ukungu, manane."

"Ronald, mwongozo unasemaje kuhusu jiko la mkaa?"

Ronald alifunua kurasa. Alifunua mbele, akarudi nyuma. "Hausemi."

"Kuhusu baridi?"

Akafunua tena. "Kuna sehemu ya viyoyozi. Namna ya kupunguza matumizi yake."

"Hapa mna viyoyozi?"

Eveline hakuweza kujizuia. "Mheshimiwa, kiyoyozi chetu ni mlango."

Walipokwisha kucheka mambo hayakuwa wazi zaidi. Umeme ulikuwa umepungua, hilo lilikuwa kweli. Lakini ulipungua kwa sababu watu walikuwa wanaota mkaa, jambo ambalo jengo lilikusudiwa kuliepuka. Jengo lilikuwa linafanya kazi yake, lakini kadiri lilivyoifanya vizuri ndivyo watu walivyotetemeka. Bwana Ambrose aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: "Sasa, wataalamu, mtusaidie. Hili jengo ni zima au ni bovu?"

Wahandisi wawili walitazamana.

"Ni zima," alisema Ronald taratibu, "kwa mahali pengine."

Mhandisi Yasmini aliandika kwa muda mrefu, kisha akatoa amri moja tu: kuanzia siku ile jiko lisiingie ndani. Mengine, alisema, yatakuja kwa barua. Wageni walipoondoka, Eveline alimpita Elius mlangoni.

"Baba, umetuua kwa baridi," alisema.

"Kichwa chako kikoje mwaka huu, mwanangu?"

Eveline aligusa paji la uso. Alikwenda zake akiwa bado ameshika paji la uso.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Aya ya kwanza ilisema kwamba, kwa kuwa imethibitika jengo linajiendesha, nafasi ya mhudumu wa jengo imefutwa. Aya ya pili ilisema kwamba Ndugu Elius Mtewele anateuliwa kuwa Mratibu wa Tabia za Watumiaji wa Jengo, kituo chake kikiwa Njombe, hadi tarehe yake ya kustaafu, ili aainishe mahitaji ya joto ya watumiaji na kuyawasilisha panapohusika. Bwana Ambrose aliisoma mara mbili kwa sauti.

"Kwa hiyo nimefukuzwa au nimepandishwa cheo?" Elius aliuliza.

"Ninavyoona mimi," alisema Ambrose kwa tahadhari, "ni kazi ile ile."

"Na kudeki?"

"Hakukutajwa."

"Kumekatazwa?"

"Hakukutajwa kabisa, mzee."

Elius aliikunja barua akaenda nayo nyumbani. Esnath alikuwa nje ya mlango wa jikoni, karai la viazi mbele yake, vile vichache vilivyonusurika. Alimsikiliza mumewe akisoma mpaka mwisho, kisu kikiwa kimesimama mkononi.

"Tabia za nani?"

"Za watumiaji."

"Wewe? Ambaye hata jogoo wangu hakuogopi?"

"Kituo ni Njombe," alisema Elius. "Nimelisoma neno hilo mara tatu. Limeandikwa Njombe."

Esnath alisogea upande mmoja wa gogo alilokalia, akamnyooshea kisu cha pili. Elius aliitia barua katika mfuko wa koti, akakaa, akachukua kiazi. Alimenya kimoja, akamenya kingine, akitoa macho ya viazi kwa ncha ya kisu kama alivyofundishwa na mama yake, ambaye sauti yake ilisikika ndani akiuliza uji. Ronald alikuwa ameahidi kupiga simu kumweleza maana ya kuainisha. Elius alifikia kiazi cha mwisho, kidogo, chenye kovu jeusi la baridi upande mmoja. Alilikata kovu, akakitumbukiza kwenye maji pamoja na vingine, akakusanya maganda yote katika kiganja, akainuka kuyapeleka kwa kuku.